Moto wa Ukoo, Kinoo cha Wote: Visu vya Isiolo na Anayejifunza Kuvinoa

Kwa miongo mingi lami ya kutoka Nairobi ilikomea Isiolo. Gari la watalii wa hifadhi za Samburu au Buffalo Springs lilisimama hapo kutia mafuta, na kabla dereva hajazima injini madirisha yalishajaa mikono: bangili za shaba na alumini zilizosokotwa pamoja, mikufu, na sime fupi zilizovalishwa ala za ngozi nyekundu. Bangili ndizo zilizopata sifa. Sime zilichukuliwa kuwa kumbukumbu za safari, zikaishia ukutani katika nyumba za mbali ambako hakuna aliyewahi kuzijaribu makali. Huo ni uonevu kidogo, kwa sababu ukitaka kujua nani aliruhusiwa kufanya nini na chuma kaskazini mwa Kenya, bangili haitakuambia mengi. Muulize kisu.

Kazi ya kisu ina sehemu mbili, kufua na kunoa, na huku sehemu hizo hazikuwa mali ya watu wale wale. Kufua kulikuwa kwa ukoo. Wasamburu na Wamasai waliwaita wahunzi wao ilkunono, Wasomali na Warendille waliwaita tumal, na kwa Waborana na Wagabra walikuwa tumtu. Mhunzi alizaliwa mhunzi. Watu wa koo nyingine hawakuoana naye, laana yake iliogopwa, na hema lake lilikuwa la pembeni hata pale ambapo mkuki wake ulikuwa mkononi mwa kila moran. A. C. Hollis, ofisa wa kikoloni aliyechapisha kitabu juu ya Wamasai mwaka 1905, aliandika kwamba mtu alijipaka mafuta mikononi kabla ya kupokea kitu kilichotoka kwa mhunzi. Watu wakataka silaha yake na kukwepa mkono wake.

Kunoa hakukuwa na mwiko huo. Mchungaji aliyekuwa na kisu kiunoni alikinoa mwenyewe, juu ya jiwe laini aliloliona mtoni. Waturkana hawakuwa na tabaka la wahunzi kama la majirani wao, na chuma chao kingi kilitoka kwa Walabwor wa Uganda. Lakini abarait, kile kisu cha duara kinachovaliwa kifundoni mwa mkono, mwenyewe ndiye aliyekitunza. Makali yake yanatazama nje pande zote, yakifunikwa kwa ukanda mwembamba wa ngozi ambao huvuliwa wakati wa kuchinja au wa ugomvi. Moto ulikuwa wa ukoo. Kinoo kilikuwa cha wote. Ninavyoona mimi, mpenda visu wa leo, asiye na babu mhunzi, ameingia katika kazi hii kupitia mlango huo wa pili.

Chuma chenyewe kimebadilika kuliko umbo la kisu. Huko Mbeere, upande wa kusini mashariki wa Mlima Kenya, wahunzi waliyeyusha mchanga mweusi wenye madini uliooshwa na mvua, wakiupulizia mivukuto juu ya makaa. Karne ya 19 misafara ya pwani ilileta nyaya za chuma, na mhunzi akaona ni rahisi kuunganisha nyaya kuliko kuyeyusha mchanga. Jean Brown, ambaye kitabu chake juu ya ufuaji wa jadi wa Kenya kilitoka mwaka 1995, aliwakuta wazee waliokuwa bado wanaikumbuka tanuri. Kisha yakaja magari, na springi ya lori ikamaliza mjadala. Ina kaboni ya takriban asilimia 0.6, inatosha kushika makali, na barabara mbaya za kaskazini zilihakikisha kwamba springi zilizovunjika hazikosekani.

Isiolo ulikuwa mji uliofaa kuwakutanisha watu hao wote na chuma chao. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliwapa makazi hapa Wasomali waliotumikia jeshi lao. Mji ukawa kituo cha karantini ya mifugo, na makao ya utawala wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Waborana, Wasamburu, Waturkana, Wameru na Wasomali wakakutana penye soko moja la ng'ombe na ngamia. Halafu vikaja vita vya Shifta, uasi wa Wasomali wa kaskazini waliotaka kujiunga na Somalia, 1963 hadi 1967, na familia nyingi zikapoteza mifugo, zikasogea mjini kutafuta riziki nyingine. Penye mifugo pana kuchinja, na penye kuchinja pana haja ya kisu kila siku.

Chombo kilichovuruga mpaka wa zamani baina ya kufua na kunoa hakikutoka kaskazini wala pwani. Grainda ya mkono ilitoka Ujerumani mwaka 1954, kwa kampuni iliyokuja kujulikana kwa jina la FLEX, na ikachukua miaka mingi kufika katika vibanda vya jua kali. Diski ya inchi nne na nusu huzunguka hadi mara 11,000 kwa dakika. Mhunzi wa jadi alikipa kisu umbo kwa nyundo, akaacha kazi ndogo tu kwa jiwe. Mwenye grainda anakwenda kinyume: anachukua bamba lililokwisha kuwa chuma kizuri, anaondoa kila kisichokuwa kisu.

Hapo ndipo anayeanza anapojikwaa, kwa maana kilichoondolewa hakirudi. Sime ndiyo mtihani mgumu. Ni nyembamba karibu na mpini, hupanuka kuelekea ncha, na ina mgongo katikati kila upande. Kwa hiyo nyuso za kusagwa ni nne, na zote zikutane katika mistari iliyonyooka. Anza na kisu kidogo chenye makali upande mmoja. Chora mstari katikati ya ukingo kabla hujawasha mashine, ili macho yajue pa kukomea. Bana viwiko mbavuni, usogeze mwili mzima badala ya mikono. Saga upande huu mara chache, kisha ule, usije ukaumaliza mmoja na kukuta kisu kimepinda. Usivae glavu nene; simamisha mashine kila mara uguse chuma: vidole ndivyo vitakavyokuambia kimepata moto, na kikikuunguza kitumbukize majini. Rangi ya samawati ikitokea kwenye makali, joto limepita nyuzi 290 hivi, na sehemu hiyo imelegea hata kama inang'aa. Kama kisu bado kitapitishwa motoni, acha ukingo uwe na unene wa milimita moja. Mwembamba kuliko huo hupasuka kikizimwa kwenye mafuta.

Vumbi lisidharauliwe. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 madaktari wa Sheffield, Uingereza, waliandika jinsi wasagaji wa uma waliotumia mawe makavu walivyokufa kwa mapafu, wengi kabla ya miaka 40. Diski ya leo si jiwe la mchanga, lakini barakoa na miwani vina bei ndogo kuliko springi.

Springi yenyewe siku hizi ina sheria. Sheria ya Chuma Chakavu ni ya mwaka 2015, na Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara hiyo nchini kote baada ya miundombinu ya umeme kuhujumiwa, ikaifungulia tena Mei. Kwa fundi mdogo lilikuwa somo: jua chuma chako kimetoka wapi.

Na kuna jambo ambalo wauzaji wa springi hawatakuambia. Springi ilifanywa iwe ngumu kiasi cha kunepa bila kuvunjika, si kiasi cha kukata. Ukiisaga tu bila kuipitisha motoni upya, utapata kisu kigumu kuvunjika lakini kinachopoteza makali upesi, na sime nyingi za kuuzia wageni ndivyo zilivyo. Asiye na tanuri ana njia nyingine: tupa kuukuu, ile ya chuma kizuri mpaka ndani, si ya bei rahisi iliyogumishwa ngozi tu. Tupa ni ngumu kupita kiasi na huvunjika ikianguka, kwa hiyo iweke katika oveni ya mkate kwa nyuzi 200, saa mbili, ipoe, kisha isage taratibu huku ukiipoza majini kila mara. Ugumu wa kutosha utabaki na hutahitaji mvukuto. Ndiyo ningemshauri mtu aanze nayo, na pesa za grainda aziweke kwanza: kinoo chenye chembe kubwa, msasa na kinoo laini vitamtosha kwa visu vitatu au vinne vya mwanzo. Makosa ya mkono huenda polepole, na yanaonekana kabla hayajakiharibu kisu.