Virusi Vilivyotembea kwa Miguu

Bujumbura iliizoea kompyuta miaka mingi kabla ya kuizoea intaneti ya kasi. Katika mitaa kama Mutakura, kaskazini mwa jiji, jirani na Cibitoke, mtu aliyetaka kuchapisha barua ya kuomba kazi aliibeba kwenye flashi hadi kibanda cha fotokopi. Kompyuta ya kibandani, mara nyingi ikiwa na Windows XP ya kunakili, ilipokea flashi za watu kutwa nzima, na kila flashi iliondoka na chochote ilichokikuta humo. Virusi vilitembea kwa miguu.

Udhaifu huo una mizizi ya zamani. Mwaka 1969 Ken Thompson na Dennis Ritchie wa Bell Labs, Marekani, walianza kuunda Unix, mfumo ambao ulikuja kutumiwa na watu wengi kwenye mashine moja. Ilibidi kila mmoja awekewe mipaka: aguse faili zake, za wenzake na za mfumo aziache. DOS ya Microsoft, iliyotoka mwaka 1981 pamoja na kompyuta ya IBM, ilichukulia kwamba mashine ni ya mtu mmoja, kwa hiyo programu yoyote iliyowashwa ilikuwa na mamlaka yote. Mwaka 1986 ndugu wawili wa Lahore, Basit na Amjad Farooq Alvi, waliandika Brain, kirusi kilichozunguka dunia kwa disketi. Unix nayo haikusalimika: Novemba 1988 programu ya mwanafunzi Robert Morris ililemaza maelfu ya mashine zenye Unix kwa kupitia makosa ya programu na maneno ya siri mepesi.

Windows XP ya mwaka 2001 ilikuwa na mipaka, lakini mtumiaji wa kwanza alipewa mamlaka ya msimamizi, na wengi walifanya kazi hivyo kila siku. Mlango ulikuwa na kufuli, ufunguo ukaachwa umening'inia.

Tarehe 23 Oktoba 2008 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu kubwa ndani ya Windows. Mwezi uliofuata kikatokea kirusi cha Conficker, kikipenya kwenye tundu lilelile katika mashine ambazo hazikusasishwa. Toleo lake la mwisho wa Desemba lilijua pia kupanda flashi. Ukiichomeka, Windows ilionyesha kidirisha cha kufungulia folda, kumbe aliyebonyeza alikuwa anakiwasha kirusi. Kikishaingia, kilizuia kompyuta kufika kwenye tovuti za antivirusi. Hata jeshi la majini la Ufaransa lilikipata.

Ufaransa sasisho lilikuwa karibu. Bujumbura lilikuwa mbali. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, na Burundi, isiyo na bahari, ilibidi ingoje mkongo upite nchi kavu. Kifurushi cha tatu cha masasisho ya XP, cha mwaka 2008, kilikuwa na megabaiti 316 hivi. Kwa modemu ya kilobiti 56 kwa sekunde, hizo ni zaidi ya saa 12, tena umeme usikatike hata mara moja. Wenye nakala zisizo halali walizima masasisho wakiogopa kugunduliwa. Mwenye kibanda ameitwa mzembe mara nyingi mno, na naona ameonewa: dawa ilikuwa bure, nauli yake ndiyo iliyomshinda.

Kuchelewa huko kuliwaumiza hata waliojiona salama. Februari 2012 kampuni ya Oracle iliziba tundu la Java. Apple haikuwafikishia watu wake tiba hiyo hadi Aprili, na kirusi cha Flashback kikaingia katika Mac zinazokadiriwa kuwa zaidi ya 600,000. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ilirithi mipaka ya Unix, na virusi vya flashi vilivyoandikwa kwa ajili ya Windows havikuwa na nguvu humo. Hata hivyo, mwaka 2014 likafichuka tundu la Shellshock, lililokaa ndani ya programu ya Bash tangu 1989. Na Desemba 2021 ikajulikana kwamba iPhone za wafanyakazi wa serikali ya Marekani waliohusika na Uganda zilidukuliwa kwa Pegasus, programu ya kijasusi ya kampuni ya NSO ya Israeli. Pegasus imewahi kuingia kwenye simu bila mwenyewe kubonyeza chochote.

Microsoft iliacha kuisasisha XP Aprili 2014. Tarehe 14 Oktoba 2025 ikafika zamu ya Windows 10, na kompyuta nyingi kuukuu hazina kijenzi cha usalama ambacho Windows 11 inakidai. Ubuntu 24.04, iliyojengwa juu ya Linux, haikidai, na masasisho yake ya bure yanaendelea hadi 2029. Mwenye kibanda akiichagua, atalazimika kwanza kuhakikisha kwamba printa yake inaikubali na kwamba barua za wateja zilizoandikwa kwa Word hazivurugiki.