Mtoto mtukutu na kesi ya mwaka 1972

Kina mama wakija kwetu kupimwa nguo za harusi, mazungumzo hayaishii kwenye kitambaa. Wengi wanatueleza jambo moja: mtoto yuko darasa la kwanza, hatulii, anapiga wenzake, na mama ameitwa skuli akaambiwa akae naye nyumbani mpaka atulie. Jirani anasema shetani, mawifi wanasema malezi. Leo tunawaletea habari ya watoto waliotolewa skuli namna hiyo, na jaji akawarudisha.

Mwaka 1971, mjini Washington, Marekani, mtoto wa miaka 12 aliyekuwa darasa la nne alitolewa skuli kwa sababu ya tabia yake. Jina lake la ukoo ni Mills, na ndilo lililobeba kesi. Alikuwa akiishi kwenye makao ya watoto ya serikali. Mwalimu mkuu aliridhia atolewe, na mtoto hakupata nafasi ya kusikilizwa.

Watoto walioshitaki walikuwa saba, wote weusi na maskini. Mmoja huitwa mtukutu, mwengine mzito wa akili, mwengine hatulii. Bodi ya Elimu ya mji haikubisha kwamba ina wajibu wa kuwasomesha. Ilisema fedha haitoshi.

Tarehe 1 Agosti 1972 Jaji Joseph Waddy alitoa hukumu. Fedha ikiwa haitoshi, alisema, igawanywe kwa namna ambayo hakuna mtoto atakayekosa elimu kabisa. (Sisi mafundi tunalifahamu hili. Kitambaa cha sare kikipungua unapunguza pindo kwenye kila nguo, humuachi mtoto mmoja bila ya nguo.) Tena akaamuru kwamba mtoto asisimamishwe zaidi ya siku mbili kwa utovu wa nidhamu bila ya kusikilizwa, na katika siku hizo apatiwe masomo.

Siku mbili, mashoga! Wapo kina mama hapa wanaohesabu miezi.

Kesi hiyo, pamoja na nyengine ya Pennsylvania, ilifungua njia ya sheria aliyoitia saini Rais Gerald Ford tarehe 29 Novemba 1975. Sheria iliwataka walimu wakae na mzazi waandike mpango wa mtoto yule mmoja: anaweza nini, anashindwa wapi, nani atamsaidia, na lini wataangalia kama kuna mabadiliko. Mpango ulipaswa kupitiwa upya angalau mara moja kwa mwaka. Kwa maoni yetu, hapo ndipo penye faida kubwa, kwa sababu mzazi alitoka kwenye kiti cha mshitakiwa akakaa mezani na walimu.

Sheria ile ni ya Marekani, haitufungi sisi. Lakini kwetu Zanzibar elimu ilitangazwa kuwa bure tangu Septemba 1964, na Sera ya Elimu ya mwaka 2006 ilitaja elimu mjumuisho, yaani mtoto mwenye mahitaji yake asome pamoja na wenzake. Kwa hiyo ukiitwa skuli, nenda na baba yake au khaloo yake, na daftari. Uliza anavuruga saa ngapi, somo gani, akikaa na nani. Uliza kama hospitali imeshamuangalia masikio na macho. Wakikwambia mchukue nyumbani, waombe kwa adabu wakuandikie barua yenye sababu na tarehe ya kurudi.