MTOTO WA JICHO: TUSUBIRI LEZA AU TUMPELEKE BIBI SASA?

Swali linalonifikia sana ni hili: "Nesi, mama mkwe ameambiwa afanyiwe upasuaji wa mtoto wa jicho kwa njia ya kawaida. Tusubiri kwanza tuchange hela tumpeleke kwenye leza?" Jibu liko kwenye historia. Twende taratibu.

SEHEMU YA 1: Sindano

Nyuma ya mboni kuna lenzi. Ikiwa safi, mwanga unapita. Ikiingia ukungu, huyo ndiye mtoto wa jicho, na hakuna dawa ya matone wala ya kunywa inayoutoa.

Zamani, India na kwingineko, waliingiza sindano jichoni wakaisukuma lenzi chini. Mgonjwa aliona mwanga kidogo, ila lenzi ilibaki humohumo, na wengi waliishia kupofuka kabisa. Mwaka 1747 daktari Mfaransa, Jacques Daviel, akaanza kuitoa nje. Hatua kubwa hiyo! Lakini jicho lisilo na lenzi lilihitaji miwani minene kama kitako cha chupa.

SEHEMU YA 2: Lenzi ya bandia

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, marubani wa Uingereza waliingiwa na vipande vya plastiki ya vioo vya ndege machoni. Daktari Harold Ridley akaona kwamba jicho linaivumilia plastiki ile. Novemba 1949, jijini London, akamwekea mgonjwa lenzi ya plastiki. Wenzake wengi walimpinga kwa miaka mingi. Leo ndiyo wanayowekewa wazee wetu.

Mwaka 1967 Charles Kelman wa Marekani akapata wazo kutoka kwenye kifaa cha daktari wa meno. Akatumia mawimbi ya sauti, ndugu zake yale ya altrasaundi ya ujauzito, kuisaga lenzi na kuinyonya kupitia tundu dogo sana.

Ipo pia njia ya mkono: tundu dogo, lenzi inatolewa nzima, mara nyingi bila nyuzi. Hii inatumika sana kwetu Afrika Mashariki. Usiidharau. Huko Nepal, timu ya daktari Sanduk Ruit iliilinganisha na ile ya mawimbi kwa wagonjwa 108, ikatoa matokeo mwaka 2007. Baada ya miezi 6, asilimia 98 ya kila kundi walikuwa wanaona vizuri. Ya mkono ilichukua muda mfupi na gharama ndogo zaidi.

SEHEMU YA 3: Leza yaja

Mwaka 2008, jijini Budapest, Zoltán Nagy akaanza kutumia leza. Watu wengi hapa hawaelewi vizuri: leza haifanyi upasuaji wote. Inakata tundu, inafungua ganda la lenzi, inaipasua lenzi vipande. Baada ya hapo daktari bado ananyonya vipande na kuweka lenzi mpya kama kawaida.

Mwaka 2020 yakatoka majibu ya tafiti mbili kubwa: ya Ufaransa, wagonjwa zaidi ya 800 katika hospitali tano, na ya Uingereza, wagonjwa 785. Walilinganisha leza na mawimbi. Kumbe? Uoni ulikuwa sawa, usalama haukupishana kwa maana, ila leza ilikula hela nyingi zaidi.

Kwa nini? Kwa sababu njia ya kawaida ilikuwa tayari nzuri sana. Kinachoharibu matokeo mara nyingi ni kisukari kilichoshambulia nyuma ya jicho, presha ya macho, lenzi iliyopimwa vibaya, au kuacha matone baada ya upasuaji. Leza haigusi hata kimoja.

SEHEMU YA 4: Sasa wewe ufanye nini?

Usimwache bibi gizani mkichangishana. Mtoto wa jicho akikomaa kupita kiasi, lenzi huwa ngumu, inaweza kuvimba na kupandisha presha ya jicho. Mshipa wa fahamu wa jicho ukishakufa, haurudi kwa leza wala kwa mkono. Na huku nyumbani anajikwaa, anaanguka, anavunjika nyonga.

Hela mliyonayo itumieni hivi: apimwe sukari na presha ya macho, apimwe lenzi vizuri, apate nauli ya kurudi kliniki na mtu wa kumwekea matone.

Ulize: daktari huyu anafanya upasuaji huu mara kwa mara? Swali hilo lina uzito kuliko jina la mashine.

Na wewe mwenye kichanga: ukiona mboni yake ni nyeupe, usisubiri akue. Mpeleke wiki hiihii, maana ubongo wa mtoto hujifunza kuona mapema. Rubela wakati wa ujauzito ni sababu mojawapo, kwa hiyo chanjo ya surua-rubela usimkoseshe mtoto.

Mtumie ujumbe huu shemeji au wifi anayeshikilia mchango. Sehemu ya 5 tutaongelea matone: namna ya kumwekea mzee bila kuchafua kichupa.