Betri Ikifura, Nani Alipaswa Kukuambia?

Watu wangu wa Nax, leo sio mambo ya kamera wala taa. Leo ni historia. Najua wengine mtanipita kama matatu iliyojaa, lakini hii historia iko juu ya mapaja yako saa hii, na ina moto ndani.

Geuza laptopu yako (kwa insha ya shule tuliambiwa tuite kipakatalishi, sijawahi kusikia mtu dukani akiitisha kipakatalishi). Mfuniko wa chini umeinuka? Ukiiweka mezani inacheza? Kibodi imepanda katikati kama chapati ikianza kufura kwa pan? Basi betri imevimba. Ndani kuna gesi ambayo haikuwa hapo siku ilipotengenezwa, na gesi hiyo inaweza kushika moto.

Sasa turudi nyuma kidogo. Miaka ya 1970, Stanley Whittingham alikuwa anafanyia kazi kampuni ya mafuta ya Exxon huko Marekani, akijaribu kutengeneza betri ya lithiamu. Lithiamu ni metali nyepesi kuliko zote, na inashika nguvu nyingi kwa uzito mdogo. Shida yake ni hasira. Mwaka wa 1980 John Goodenough na wenzake pale Oxford wakapata njia ya kutumia oksidi ya kobalti. Mwaka wa 1985 Akira Yoshino wa Japani akaondoa ile lithiamu tupu yenye hasira na kuweka kaboni upande wa pili. Sony ikaanza kuuza betri hizo mwaka wa 1991. Hawa wazee watatu walipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2019, Goodenough akiwa na miaka 97. Kwa hivyo msiniambie mimi nimechelewa na maisha.

Lakini onyo lilikuja kabla hata ya Sony. Mwaka wa 1989 kampuni ya Canada iitwayo Moli Energy ilikuwa inauza betri za lithiamu tupu kwa simu za Japani. Zikaanza kushika moto, simu zikarudishwa, na kampuni ikaanguka. Yaani tangu mwanzo watengenezaji walijua hiki kitu kinaweza kuwaka. Hawakukiacha. Walikiwekea ulinzi: saketi ya kuzuia chaji isizidi, karatasi nyembamba ya plastiki ya kutenganisha pande mbili, na matundu ya kutoa presha. Usalama wa betri yako unategemea hiyo karatasi nyembamba kuliko unywele.

Ikitoboka, pande mbili zinagusana. Joto linapanda, joto hilo linaamsha kemikali zingine, nazo zinaleta joto zaidi. Ikifika hapo kuzima swichi hakusaidii, kwa sababu moto hautegemei tena umeme wa ukutani. Laptopu nyingi za zamani zina seli sita za mviringo, kila moja na upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Moja ikilipuka inapasha jirani, jirani anapasha mwingine. Ni kama nyumba za mabati zilizojengwa zimebanana. Ukiwa mtu wa Nakuru huhitaji nikuchoree hiyo picha.

Juni 2006, kwa mkutano mmoja jijini Osaka, laptopu ya Dell iliwaka moto mbele ya watu na picha zikasambaa mtandaoni. Agosti 14 Dell ikatangaza kurudisha betri milioni 4.1. Siku kumi baadaye Apple ikafuata na milioni 1.8. Zote zilikuwa na seli za Sony. Chanzo kilikuwa vipande vidogo sana vya chuma vilivyobaki ndani wakati wa kutengeneza, ambavyo vingeweza kutoboa ile karatasi. Kufikia mwisho, betri karibu milioni 9.6 za kampuni tofauti tofauti zilikuwa kwa orodha ya kurudishwa.

Hapa ndipo mimi hukasirika. Kurudisha bidhaa kunafanyaje kazi? Kampuni inatangaza, inaandikia wateja iliyowasajili, mteja anatuma betri na kupewa nyingine bure. Sawa kabisa, kama wewe ndiwe uliyeinunua kwa duka la Leeds au Chicago. Lakini ofisi ikimaliza miaka yake na hizo mashine, inaziuza kwa jumla. Zinapakiwa kwa kontena, zinashuka Mombasa, zinapanda na barabara hadi huku, na kufika Kenyatta Avenue zinaitwa ex-UK. Mashine inasafiri, onyo linabaki kwa emaili ya mtu ambaye hata hakumbuki alikuwa nayo.

Na usidhani ni mambo ya 2006 tu. Januari 2018 HP iliita betri takriban 50,000 zilizouzwa Marekani, na kwa orodha kulikuwa na ProBook 640 na 650 za G2 na G3. Januari iliyofuata wakaongeza zingine 78,500. Juni 2019 Apple wakaita MacBook Pro za inchi 15 zilizouzwa kati ya Septemba 2015 na Februari 2017, kama 432,000 kwa Marekani pekee. Nyinyi mnaoedit video, soma hiyo sentensi tena. Hiyo ndiyo MacBook ambayo kila mtu anatafuta kwa sababu iko na matundu yote na bei imeshuka. Ile 640 G2 nayo ndiyo mkate wa kila siku wa maduka yetu.

Niliuliza muuzaji mmoja hapa mjini, duka silitaji, kama yeye huangalia nambari za betri. Akacheka. Akaniambia ikifura niweke kitu kizito juu, italala. Jamani. Kufinya betri iliyovimba ni kusaidia ile karatasi itoboke.

Simlaumu sana lakini. Hakuna aliyempa orodha, na yeye pia analipa kodi ya duka. Sheria ya taka ya mwaka wa 2022 inasema anayeleta bidhaa nchini ana wajibu hadi inapokuwa taka. Vizuri. Ningependa basi huyo anayeleta kontena alazimishwe kulinganisha nambari za betri na orodha za kurudishwa kabla mashine hazijatoka bandarini. Orodha ziko wazi mtandaoni, bure. Ni kazi ya kijana mmoja na kompyuta moja, na vijana wasio na kazi tuko wengi, wengine hatukumaliza chuo lakini kusoma nambari tunajua.

Wenye ndege walishajifunza kwa uchungu. Septemba 3, 2010, ndege ya mizigo ya UPS iliondoka Dubai kuelekea Cologne ikiwa na maelfu ya betri za lithiamu. Moto ukazuka, moshi ukajaa chumba cha marubani, ndege ikaanguka na wote wawili wakafa. Tangu Aprili 2016 betri hizi zikiwa peke yake haziruhusiwi kwenda kama mzigo kwenye ndege za abiria. Kwenye ndege ya mizigo lazima chaji isizidi asilimia 30, kwa sababu betri iliyojaa huwaka vibaya zaidi. Ndege ina sheria. Bedsitter ya Njoro haina, na wanafunzi wanalala laptopu ikiwa kwa blanketi, inachaji usiku mzima.

Kitanda hapo ni adui. Blanketi linaziba matundu ya hewa, na jina Nakuru lenyewe kwa Kimaasai linahusu vumbi, kwa hivyo feni yako imeziba hata kabla hujalala. Joto ndilo linalozeesha betri haraka. Safisha feni, chaji juu ya meza, na ukinunua chaja ya bei ya karanga ujue umenunua karanga.

Ikiwa tayari imefura: zima, chomoa, usichaji tena, usitoboe kutoa hewa. Peleka kwa fundi aitoe. Laptopu nyingi zitawaka tu na umeme wa ukutani bila betri. Ikianza kutoa moshi, toka kwanza, ita watu. Moto ukiwa mdogo na laptopu imechomolewa, maji mengi husaidia kupoza seli zilizobaki.

Na ikitolewa usiitupe kwa taka za nyumba, kwa sababu zinaishia Gioto, na pale kuna watu wanaochambua kwa mikono. Kobalti iliyo ndani yake pengine ilichimbwa Kolwezi, na watu wanaoongea Kiswahili kama sisi. Nairobi kuna WEEE Centre wanaopokea taka za umeme. Hapa kwetu ningependa kuona hata ndoo moja ya mchanga kwa kila soko la simu.

Sasa kazi yenu. Geuza mashine, soma stika, niandikie modeli na nambari ya betri. Nitazilinganisha na orodha mpaka Jumapili na kila mtu nitamjibu. Nyinyi wa ProBook 640 mjipange mbele.