Bunduki Kuukuu ya Askari

Leo twende Marekani, baada ya vita kwisha mwaka 1945. Bunduki za komeo zilizotumiwa na askari, kama Springfield ya 1903, ziliuzwa rahisi. Mwindaji asiyeweza kununua Winchester Model 70 mpya, iliyotoka 1936, alichukua moja, akakata ubao wa mbele ipungue uzito.

Je, alipata faida? Haya, hesabuni naye. Darubini yataka matundu, na chuma kile kigumu huteleza keekee. Mkono wa komeo ukigonga darubini, lazima upindwe. Bado kitako! Aliyempa fundi kazi zote aliweza kulipa kuliko bei ya bunduki mpya. Mwenye tupa na subira alifaulu. Leo wakusanyaji hutafuta zisizokatwa.