Besi isiyo na freti: tuinunue au tuiache?

Wengi mmeniuliza kwa nini Jumamosi nilirudi Kigeme mikono mitupu wakati mlinituma Kicukiro na pesa ya besi. Leo nawajibu, ila nitapitia kwenye historia kidogo, maana bila hiyo mtasema nilizubaa tu mjini.

Mnakumbuka jinsi tulivyochanga miezi minane, kila mtu na kidogo chake, mpaka zikafika faranga 150,000. Nilipofika, muuzaji akaniambia besi ya kawaida ameshaiuza asubuhi. Ilibaki moja tu, na bei yake ilikuwa palepale kwenye pesa yetu. Nilipoiona nikacheka. Kitu kidogo, unakiweka kwenye begi la shule. Nyuzi nne nene, laini kama mpira wa manati. Na shingoni hakuna freti, yaani vile vyuma vidogo vinavyokatisha shingo ya gitaa vikikuonyesha pa kubonyeza. Kuna mistari imechorwa tu.

Nikamwambia, "Kaka, hii si ni ya watoto?" Hakujibu. Akaichomeka kwenye spika, akapiga. Jamani! Ilitoka sauti nzito ya mviringo, kama ile besi kubwa ya mbao inayosimama kama mtu, kontrabasi.

Kumbe ile kitu ina historia yake. Inaitwa Ashbory. Waliibuni Waingereza wawili, Ashworth-Jones na Thornbory, wakaunganisha majina yao, na kampuni ya Guild ya Marekani ikaitoa mwaka 1986. Kwenye besi ya kawaida, sehemu ya uzi inayolia ina urefu wa sentimita 86 hivi. Kwenye hii ni kama 46. Uzi mfupi hivyo ungekuwa wa chuma usingetoa sauti nzito vizuri, ndiyo maana wakaweka nyuzi za silikoni. Zinanata vidoleni, wapigaji wengine hujipaka poda kwanza.

Sasa mimi nilidhani besi bila freti ni ajabu ya wazungu wa juzi. Ni kinyume chake. Freti ndizo zilizokuja baadaye kwenye besi. Kabla ya hapo kila mahali ilikuwa kontrabasi, na kontrabasi haina freti. Mwaka 1951 Leo Fender, kule California, alitoa besi ya umeme yenye freti akaiita Precision, yaani usahihi, kwa sababu hata mtu asiye na sikio kali angeweza kupata sauti sahihi. Miaka 15 baadaye, 1966, kampuni ya Ampeg ikaanza kuuza besi ya umeme isiyo na freti. Halafu 1976 Jaco Pastorius akatoa albamu yake ya kwanza, na wapigaji wengi wakaanza kuitafuta ile sauti inayoteleza.

Na kwetu je? Bendi za rumba za Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, zilianza na kontrabasi miaka ya 1950 kabla ya besi ya umeme kuenea. Ukienda Zanzibar, kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa kipo tangu 1905, na udi wa taarabu hauna freti. Na karibu zaidi: iningiri. Uzi mmoja, upinde mmoja, freti hakuna. Babu yangu alikuwa anaipiga kule Masisi jioni, na hakuna mtu aliyemchorea mistari. Sikio ndilo lilimwambia kidole kikae wapi.

Nilikuwa nimerekodi ile besi kwenye simu. Jumapili nikampelekea yule mzee wetu wa iningiri, yule wa upande wa juu. Akasikiliza mara mbili, akasema, "Hii ni iningiri iliyokunywa maziwa ikanenepa." Halafu akaniuliza swali moja: "Uzi ukikatika, mtaupata wapi?"

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipokwama hata mimi siku ile Kicukiro. Nilizunguka maduka matatu ya vyombo vya muziki. Nyuzi za gitaa zipo, za silikoni hakuna, mpaka uagize nje. Uzi wa iningiri babu aliutengeneza mwenyewe. Kwa hiyo mkisema tuiache kwa sababu ni ngeni, mimi sikubali. Si ngeni. Tena faida tunazo: ni nyepesi, wadogo zetu wenye mikono mifupi wataiweza, na mwalimu wa sikio tunaye hapahapa kambini, bila malipo. Lakini chombo usichoweza kukilisha kitakufia mikononi. Tukitoa pesa yote, uzi ukakatika mwezi wa pili, tutabaki na pambo la ukutani na miezi minane imeenda.

Basi mawazo yangu ni haya. Nimempigia muuzaji nikamwambia: seti moja ya nyuzi za akiba iwe ndani ya bei hiyohiyo, la sivyo tunasubiri besi ya kawaida. Amesema ana seti moja mahali fulani, ataitafuta, na ananingoja mpaka Ijumaa. Akiipata, mimi naunga mkono tununue, na mwezi huohuo tuanze kuchanga tena kwa ajili ya seti nyingine. Asipoipata, pesa ibaki kwa mtunza hazina wetu.

Lakini pesa si yangu peke yangu. Semeni hapa chini kabla ya Alhamisi jioni, na wewe unayesomaga kimya bila kuandika, safari hii andika. Na wewe ulichanga.