Mabishano ya Ulimi na Kitabu

Katikati ya karne ya 13 aliishi Uingereza bwana mmoja mwenye mashamba, jina lake Walter wa Bibbesworth, ambaye kwa ajili ya bibi wa daraja ya juu aitwaye Dionisie de Munchensi, aliyetaka watoto wa nyumbani kwake wakue wakisema Kifaransa cha waungwana, alitunga kitabu kizima kwa mashairi ya Kifaransa, na juu ya maneno magumu ikatiwa kwa herufi ndogo tarjuma ya Kiingereza. Kitabu hicho chaanza mtoto anapozaliwa na kuvikwa nguo, chapita katika viungo vya mwili, chatoka nje kwenda kwenye plau na mavuno, charudi jikoni kunakookwa mkate na kutengenezwa pombe, kisha chaishia katika karamu kubwa. Mwandishi wake apenda sana kumtega mwanafunzi kwa maneno yanayokaribiana: mdomo, sungura, ratili na kitabu, ambayo yote manne katika Kifaransa cha siku zile yalitofautiana kwa unene wa unywele. Mtu yeyote aliyepata kumweleza mgeni kuwa kaa la moto si kaa wa baharini, na kwamba wote wawili hawahusiani na kukaa kitako, ataifahamu furaha ya mwalimu huyo.

Kwa nini mtoto wa Kiingereza afundishwe Kifaransa kwa bidii namna ile? Ni kwa sababu mwaka 1066 Wanormandi walivuka bahari wakaiteka nchi, na tangu hapo lugha ya mfalme, ya makadhi na ya meza kuu ikawa Kifaransa, na Kiingereza kikabaki kuwa lugha ya wachungaji na wapishi. Lakini ushindi wa upanga haudumu katika vinywa vya watoto wanaolelewa na yaya wa nchi. Vizazi vikapita, na wajukuu wa washindi wakawa hawana budi kufundishwa kwa kitabu lugha ambayo mababu zao waliinyonya kwa maziwa. Mwaka 1362 ikatolewa sheria kwamba madai mahakamani yasemwe kwa Kiingereza, maana Kifaransa hakikujulikana tena na watu wengi. Na sheria hiyo yenyewe, jambo la ajabu, iliandikwa kwa Kifaransa. Tauni kuu ya mwaka 1349 ilikuwa imekwisha kuwazoa walimu wengi, na mwalimu mmoja aitwaye John Cornwall akaanza kuwafasiria wanafunzi Kilatini chao kwa Kiingereza badala ya Kifaransa, na wengine wakamfuata. Padri John Trevisa, aliyeandika habari hizo mwaka 1385, aliona faida na hasara: watoto walijifunza nahau upesi kuliko zamani, lakini Kifaransa kiliwatoka kabisa, na wakivuka bahari wangetaabika. Naona tangu siku hizo, na wala si kabla yake, ndipo tuwezapo kusema kwa haki kwamba Kifaransa kilikuwa lugha ya kigeni katika skuli za Uingereza.

Baada ya hapo kufundisha Kifaransa kukawa kazi ya riziki, na kama kazi zote za riziki kukawa na siri zake. John Palsgrave, aliyemfundisha Kifaransa Mary, dada yake Mfalme Henry VIII, bibi yule aliyeozwa mfalme wa Ufaransa mwaka 1514, alitoa mwaka 1530 kitabu cha kurasa zipatazo elfu moja, kilichoeleza matamshi, nahau na msamiati wa lugha hiyo kwa ukamilifu usiopata kuonekana kabla yake. Alipokwisha kukipiga chapa alikataza kisiuzwe ila kwa mtu aliyemridhia mwenyewe, kwa kuchelea kwamba kila mwenye nakala angejifanya mwalimu na kumnyang'anya wanafunzi. Mfanyabiashara Stephen Vaughan, alipokitamani, ilimlazimu kumwandikia Thomas Cromwell amsaidie kupata nakala moja. Hapo twaona fundi aliyechonga ufunguo mzuri mno kisha akauficha mfukoni.

Waliofuata hawakuwa na uwezo wa kuficha kitu, maana walikuwa wakimbizi. Waprotestanti wa Ufaransa, walioudhiwa kwa ajili ya dini yao, walivuka bahari na mali moja tu isiyoweza kutwaliwa na askari wa forodha, nayo ni lugha yao. Mmoja wao alikuwa Claude de Sainliens wa mji wa Moulins, ambaye Waingereza walimwita Holyband, aliyefungua skuli London katika uwanja wa kanisa la Mtakatifu Paulo, katikati ya maduka ya wauza vitabu, akafundisha watoto wa wafanyabiashara kwa ada ya shilingi moja kwa juma, au hamsini kwa mwaka. Vitabu vyake, ambavyo kimojawapo kilitoka mwaka 1573, vilijaa mazungumzo ya kila siku: mtoto anaamshwa, anatafuta soksi zake, anachelewa skuli, anashtakiwa na wenzake kwa mwalimu, watu wanapatana bei ya kitambaa, wanaulizana njia, wanakaribishana chakula. Naye alimshauri msomaji asijitatize mwanzoni na kanuni, bali aingie moja kwa moja katika mazungumzo, na kanuni azitafute baadaye, atakapozihitaji.

Wakati huohuo, katika skuli ya nahau ya mji wa Southampton, mudiri Adrian Saravia, naye mgeni kutoka ng'ambo, aliweka amri kwamba wanafunzi wake waseme Kifaransa tu. Na aliyeponyokwa na Kiingereza, hata kama ni sentensi moja, alivikwa wakati wa kula kofia ya mpumbavu, akakaa nayo mpaka asikie mwenzake akikosa vilevile, ndipo aivue amvike huyo. Msomaji wa Afrika ya Mashariki hana haja ya kuelezwa hila hiyo. Wazee wetu wengi wanakikumbuka kile kibao kilichopitishwa shingo kwa shingo katika skuli za wakoloni, kikimtafuta mtoto aliyesema lugha ya mama yake. Na huenda wakastaajabu kusikia kwamba watoto wa Kiingereza walitendwa vivyo hivyo katika nchi yao wenyewe, kwa kosa la kusema Kiingereza.

Wakimbizi wengine, maelfu kwa maelfu, walifika baada ya mwaka 1685, Mfalme Louis XIV alipoifuta amri iliyowalinda. Karne iliyofuata kila nyumba iliyojiona nyumba ilitaka mwalimu wa Kifaransa kwa ajili ya mabinti, pamoja na mwalimu wa dansa na wa kinanda; na kwa sababu hiyohiyo skuli kubwa za wavulana zikakidharau. Kilatini na Kiyunani vilikuwa elimu. Kifaransa kilikuwa pambo.

Dharau hiyo ilipata hata hukumu. Skuli ya nahau ya Leeds ilikuwa imejengwa kwa wakfu, na mwanzoni mwa karne ya 19, mji ulipokuwa umejaa biashara ya nguo za sufi na kuhitaji makarani wa kuwaandikia wateja wa ng'ambo, walitokea watu waliotaka sehemu ya mapato itumike kufundisha Kifaransa, Kijerumani na hisabati. Shauri likafika mbele ya Lord Eldon, kadhi mkuu wa ufalme, naye mwaka 1805 akahukumu kwamba mwenye kuweka wakfu alikusudia skuli ya nahau, na nahau maana yake ni Kilatini na Kiyunani, basi mali ya wakfu haiwezi kugeuzwa ikagharimie kingine. Mtu wa pwani, anayejua uzito wa sharti la mweka wakfu, hatamcheka kadhi huyo upesi. Hata hivyo hukumu ile ilizifunga skuli nyingi kwa miaka 35, hata ilipotungwa sheria mpya mwaka 1840.

Kifaransa kilipopata ruhusa ya kuingia darasani kiliingia kwa kuvaa joho la Kilatini. Mitihani ya Cambridge kwa skuli ilianza mwaka 1858, nacho kikawemo. Na kwa kuwa mtihani ulikuwa wa karatasi, ulimi haukuulizwa neno. Mwanafunzi alihifadhi orodha za vitenzi, akafasiri sentensi ambazo hakuna kiumbe aliyepata kuzisema wala atakayezisema, zile za kalamu ya shangazi na bustani ya mjomba, mpaka kalamu ile ya shangazi ikawa mzaha wa taifa zima. Lililowatesa zaidi wavulana wale ni kuambiwa kwamba meza ni ya kike na kitabu ni cha kiume, na kwamba sifa sharti ifuate jina. Mtoto wa Kiswahili asingeona taabu kubwa hapo, kwani tangu alipoanza kusema amezoea kwamba kisu ni kikali na panga ni kali, na kwamba neno moja likibadilika sentensi yote hupanga safu upya. Ngeli mbili za Kifaransa ni mchezo kwa aliyelelewa na ngeli zetu.

Uasi ulianza kwa mtu mmoja aliyeshindwa. François Gouin, mwalimu Mfaransa, alikwenda Hamburg kujifunza Kijerumani. Akahifadhi kitabu cha nahau, akahifadhi mizizi ya vitenzi, kisha akahifadhi kamusi yenye maneno elfu thelathini kwa siku thelathini, na alipokwenda kusikiliza darsa chuoni hakuelewa hata sentensi moja. Aliporudi kwao akamkuta mpwa wake mdogo, ambaye alipomwacha hakujua kusema, sasa azungumza bila kikomo. Siku moja mtoto huyo alipelekwa kuona kinu cha kusaga nafaka. Aliporudi alinyamaza kitambo, kisha akajitengenezea kinu chake cha mchezo, akatia mchanga kuwa ndio nafaka, na kila tendo akilitaja kwa mpangilio wake. Gouin akaona kwamba lugha hufuata matendo yanavyofuatana, akaandika habari hizo katika kitabu cha mwaka 1880. Miaka miwili baadaye Mjerumani Wilhelm Viëtor, akijificha nyuma ya jina la bandia, alitoa kijitabu cha kudai kwamba mafundisho ya lugha hayana budi kugeuka. Na mwaka 1886 Paul Passy akakusanya mjini Paris walimu wachache wakaunda chama kilichotengeneza zile alama za sauti tuzionazo hata leo ndani ya kamusi.

Ndipo ikaenea katika skuli za Uingereza, kwenye miaka ya kwanza ya karne ya 20, njia waliyoiita ya moja kwa moja: mwalimu hasemi ila Kifaransa, huonyesha dirisha, hulifungua, hulitaja. Ulimi ukarudi mahali pake. Mimi mwenyewe nilifundishwa na mwalimu wa mila hiyo, na somo la kwanza halikuwa na kitabu wala chaki. Alituamuru tukunje midomo kama watu wanaotaka kupiga mluzi, kisha bila kuikunjua tuseme "i", na sauti iliyotoka, ambayo haimo katika Kiswahili wala Kiingereza, ikawa ndiyo ile "u" ya Kifaransa. Darasa zima likacheka mpaka machozi. Ilipofika zamu ya "r" ya watu wa Paris, wenzangu waliokua karibu na misikiti waliitamka bila kusumbuka, kwa kuwa walikwisha kuizoea katika ghaini ya chuoni, ile ya ghali na ghafula. Na mwalimu akawaweka mbele wawafundishe wengine.

Njia hiyo, pamoja na uzuri wake, ilidai mwalimu anayekijua Kifaransa barabara, mwenye sauti na nguvu za kuigiza tangu asubuhi hadi jioni mbele ya watoto thelathini. Na walimu wa namna hiyo hawakutosha. Mtihani nao uliendelea kudai tarjuma. Kwa hiyo, katika miaka ya 1920 na 1930, walimu wengi walisuluhisha: ulimi kidogo, nahau kidogo, na tarjuma ikashika mwaka wa mtihani.

Baada ya vita vya pili Ufaransa yenyewe iliingia katika shauri hili, ilipoona Kiingereza kikijitangaza duniani, tena kikiwa na ile orodha ya maneno 850 aliyoichagua C. K. Ogden. Mwaka 1951 wataalamu wakiongozwa na Georges Gougenheim walianza kazi huko Saint-Cloud, nje ya Paris, ya kutafuta Kifaransa ambacho mgeni akijue kwanza. Hawakuyatafuta maneno vitabuni. Walichukua vinasa sauti, vilivyokuwa vitu vipya, wakarekodi mazungumzo ya watu 275 wa kila namna, wakahesabu maneno yaliyosemwa, nayo yakawa 312,135. Katika hesabu hiyo walifanya orodha ya maneno yanayorudiwa zaidi. Orodha ilipokamilika wakashtuka. Vitenzi vya kwenda na kufanya vilijaa tele, lakini neno la uma, ambao kila Mfaransa huushika mezani, halikupata nafasi. Watu hawataji uma, wanautumia.

Wakalazimika kuanza mlango mwingine. Waliwaendea watoto wa skuli, wakawapa mada 16, wakawataka waandike chini ya kila mada majina ishirini yanayowajia kwanza akilini. Na kwa maneno hayo wakaijaza ile orodha, ambayo juu yake vilijengwa baadaye vitabu, kanda za sauti na picha za ukutani zilizoingia katika skuli za nchi nyingi. Katika mada hizo 16 zilikuwamo viungo vya mwili, mavazi, nyumba, vyombo vya jikoni, kazi za shamba, wanyama na vitu vinavyowekwa mezani, yaani takriban milango ileile ambayo Walter wa Bibbesworth alimfungulia Bibi Dionisie miaka mia saba kabla yake. Uma tu ndio uliozidi, maana katika karamu za bibi yule watu walikula kwa kisu na vidole.